Macbeth bin Findláech na Urithi wa Upanga

Tarehe 14 Agosti mwaka wa 1040, katika nchi ya Moray iliyo kaskazini ya Uskoti, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Elgin, mfalme kijana aliyeitwa Duncan aliuawa na mtu wa cheo katika dola yake aliyeitwa Macbeth. Na jambo hilo, ambalo waandishi wa tarehe wa zama zile walilitaja kwa maneno machache kuliko yale ambayo karani wa forodhani huyatumia kuandika stakabadhi ya gunia moja la karafuu, ndilo ambalo William Shakespeare, zaidi ya miaka 560 baadaye, alilijengea tanzia iliyowafanya watu wa mataifa mengi walichukue jina la Macbeth kuwa jina la tamaa, la mauaji na la kisasi.

Aliyeisoma tamthilia ile, au aliyeiona ikichezwa, humjua Duncan kuwa mzee mpole na mgeni wa heshima, aliyelala usingizi katika ngome ya mwenyeji wake, akapigwa majambia usiku wa manane kwa mkono ule ule uliompokea jioni. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kumwona mgeni kuwa ni amana, hatuhitaji kufafanuliwa ubaya wa tendo hilo. Lakini Duncan wa tarehe hakuwa mzee, kwa maana waandishi wa Ireland walisema kwamba alikufa umri wake haujakomaa. Hakuwa mgeni, ila kama tutamwita mgeni mtu aingiaye nchi ya watu na jeshi nyuma yake. Wala hakuwa kitandani. Simtoi Macbeth hatiani kwa kusema hayo, kwa sababu damu ilikuwa mkononi mwake na hapana maji ya kuiosha. Nisemalo ni kwamba katika nchi ile na karne ile mkono usio na damu haukuwahi kushika ufalme kwa muda mrefu, na chanzo chake hakikuwa ubaya wa nyoyo peke yake. Kilikuwa ndani ya kanuni yao ya mirathi.

Watu wa Alba, kwani ndivyo nchi ile ilivyoitwa kwa lugha yao ya Kigaeli, hawakuwa na sheria ya mwana kurithi kiti cha baba yake. Walitaka mfalme awe mwanamume mzima, mwenye akili na nguvu za kupigana, aliyetoka katika uzao wa Kenneth bin Alpin, aliyekufa mwaka wa 858. Na kwa kuwa uzao huo ulikuwa umegawanyika matawi, kiti kilikuwa kikienda na kurudi, leo kwa tawi hili na kesho kwa tawi lile, mfalme akirithiwa na ndugu yake au binamu yake au mtoto wa binamu yake, na mara nyingi mrithi akitajwa mapema, mfalme angali hai. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake. Mtoto mchanga hakupandishwa kitini akawa mwanasesere wa mawaziri, wala mpumbavu hakutawala kwa sababu tu ya kuzaliwa kwanza. Walakini mrithi aliyekwisha kutajwa, aliye na upanga kiunoni na watu nyuma yake, na ambaye kila siku humwona mfalme akizidi kunenepa na kukawia kufa, ni mtu mwenye sababu nzuri sana ya kukosa subira. Na mfalme naye, amwonapo mrithi huyo akinoa upanga, ana sababu nzuri ya kutosubiri unoleke.

Msomaji akitaka ithibati na atazame miaka kumi tu. Kenneth wa Pili aliuawa mwaka wa 995. Constantine wa Tatu, aliyekalia kiti chake, aliuawa mwaka wa 997. Kenneth wa Tatu, aliyekalia kiti cha Constantine, aliuawa mwaka wa 1005, na aliyemwua alikuwa Malcolm wa Pili, ambaye alitawala miaka 29 akafa mwaka wa 1034. Hakuna aliyemtungia Malcolm huyu tanzia, ijapokuwa aliistahili kuliko wengi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeivunja desturi baada ya kufaidika nayo. Mungu hakumjaalia mwana wa kiume. Alikuwa na mabinti, na mmoja wao, Bethóc, aliolewa na Crínán, mkuu wa monasteri ya Dunkeld, akamzaa Duncan. Malcolm alitaka mjukuu huyu arithi, na ili arithi kwa amani ilimpasa ayakate matawi mengine ya mti. Mwaka wa 1033, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alimwua mwanamume wa uzao wa Boite, mwana wa mfalme Kenneth, yaani mtu ambaye kwa kanuni ya kale zamu ilikuwa yake. Mzee yule alifikiri kwamba amekwisha kulifyeka lile tawi lote. Alimsahau mwanamke.

Mwanamke huyo alikuwa Gruoch binti Boite, na habari zake haziwezi kueleweka pasipo kwanza kueleza habari za Moray. Nchi hii ya kaskazini ilitawaliwa na mtu wa cheo kilichoitwa mormaer, ambacho kwa lugha yetu tungekiita uliwali, ingawa liwali wa Moray alikuwa mkubwa kiasi cha kwamba waandishi wa Ireland walimwita mfalme bila ya kuona taabu. Findláech, baba yake Macbeth, alikuwa na cheo hicho hata mwaka wa 1020, alipouawa na watoto wa ndugu yake mwenyewe. Mmoja wa hao, Gille Coemgáin, akapata uliwali baadaye, akamwoa Gruoch, akazaa naye mwana, jina lake Lulach. Kisha mwaka wa 1032 Gille Coemgáin akateketezwa kwa moto pamoja na watu 50. Waandishi wa zama zile hawakumtaja aliyeutia moto ule. Lakini aliyefaidika anajulikana, kwa kuwa baada ya majivu kupoa tunamkuta Macbeth ni liwali wa Moray, na Gruoch, mjane wa mtu aliyemwua baba yake Macbeth, ni mkewe, na Lulach, mtoto wa adui yake, analelewa nyumbani mwake kama mwanawe.

Wako wasemao kwamba ndoa hii ilikuwa ya mapenzi, na wako wasemao kwamba ilikuwa ya jeuri, mwanamke kuchukuliwa kama ngawira pamoja na nyumba na mifugo. Mimi naiona kuwa ni hesabu ya mirathi. Macbeth alikuwa na jeshi na nchi. Gruoch alikuwa na nasaba, na alikuwa na kifo cha jamaa yake cha mwaka wa 1033, ambacho hakikuwa kimelipwa. Jukwaani mwanamke huyu humchochea mumewe kwa tamaa tupu, akimsimanga kwa kukosa uanaume, kana kwamba ufalme ni pambo aliloliona dukani na kulitamani. Mjukuu wa mfalme, aliyeona ukoo wake ukichinjwa ili kiti kipewe mwana wa mkuu wa monasteri, hakuhitaji wachawi wa kumwambia kwamba kiti hicho kilikuwa cha kwao. Na lililo ajabu kwangu kuliko yote ni kule kulelewa kwa Lulach, kwa kuwa katika nchi ya visasi kama ile mtoto wa kiume wa adui ni mkopo ambao lazima ulipwe siku moja, na Macbeth, ambaye kalamu ya washairi imemfanya mwuaji wa watoto wa Macduff, adui yake wa jukwaani, mtoto huyu hakumgusa.

Duncan alitawala miaka sita isiyo na sifa. Alikwenda kusini kuuhusuru mji wa Durham, akashindwa vibaya, hata vichwa vya watu wake vikatundikwa sokoni juu ya miti. Mfalme aliyeshindwa vita vya kigeni hutafuta ushindi nyumbani, na Duncan akaelekea kaskazini kuwatiisha watu wa Moray, huko alikokufa. Macbeth akawa mfalme, na wala haikusikika kelele kubwa. Wanawe Duncan, Malcolm na Donald, walikuwa wadogo, na kwa kanuni ya kale watoto hawakuwa na la kudai. Mtu pekee aliyeinuka kudai kisasi alikuwa babu yao Crínán, aliyeacha monasteri yake akashika silaha mwaka wa 1045, akauawa pamoja na watu 180.

Ufalme wa Macbeth ulidumu miaka 17, na hiyo peke yake ni hoja. Dhalimu anayechukiwa na kila mtu, asiyelala usingizi, anayeona mizuka mezani, hakai miaka 17 katika nchi ambayo wafalme watatu waliuawa katika miaka kumi. Fauka ya hayo, mwaka wa 1050 alikwenda Roma kuhiji, safari ya miezi mingi kwa farasi na kwa jahazi, na mwandishi mmoja wa zama zake aliandika kwamba aliwatawanyia maskini fedha kama mtu atawanyavyo mbegu shambani. Mimi hupenda kuifikiria safari hiyo. Mfalme asiye na uhakika wa kiti chake haendi Roma. Hukaa juu yake akikishika kwa mikono miwili. Na huenda kulikuwa na toba ndani yake, kwa kuwa mtu aliyeua mfalme, na labda aliyewahi kuchoma nyumba yenye watu 50, ana mengi ya kumwomba Mungu. Lakini hiyo ni siri baina ya mja na Mola wake.

Kisasi kilikuja kwa mkono wa Waingereza. Malcolm bin Duncan alikuwa amekua, na mwaka wa 1054 Siward, mtawala wa Northumbria, aliingia Uskoti na jeshi, na tarehe 27 Julai ikapiganwa vita ambayo ndani yake, kwa hesabu ya waandishi wa Ireland, walikufa Waskoti 3,000 na Waingereza 1,500, akiwamo mwana wa Siward. Tamthilia inamalizikia hapo, kichwa cha Macbeth kikiletwa mkononi mwa Macduff. Lakini Macbeth wa kweli alibaki mfalme miaka mitatu zaidi, na Macduff ni mtu wa masimulizi yaliyoandikwa karne tatu baadaye. Aliyemwua Macbeth ni Malcolm, huko Lumphanan, tarehe 15 Agosti mwaka wa 1057, na msomaji akitazama tarehe hizi mbili ataona kwamba baina ya kifo cha Duncan na kifo cha Macbeth imepita miaka 17 na siku moja. Hata hapo Malcolm hakukipata kiti. Watu wa Macbeth walimtawaza Lulach, yule mtoto wa adui, naye akatawala miezi saba, akauawa kwa hila mwezi wa Machi mwaka wa 1058. Wakamwita Lulach Mjinga. Waliomwita hivyo ni waliomwua.

Sasa ufalme ulikuwa wa uzao wa Duncan, na desturi ya kale ilikuwa imepata jeraha lisilopona, ijapokuwa ilitapatapa kabla ya kukata roho: Malcolm alipouawa mwaka wa 1093, ndugu yake Donald alikaa kitini kwa haki ya kanuni ya kale, akapinduliwa na mtoto wa ndugu yake, akarudi, akapinduliwa tena na kutolewa macho. Baada yake mwana alimrithi baba, au mjukuu alimrithi babu, au ndugu alimrithi ndugu katika nyumba moja tu, na nyumba hiyo, kama kila nyumba iliyoshinda, ilihitaji habari zake ziandikwe vizuri. Kama wao ndio warithi wa haki, basi Macbeth alikuwa mnyang'anyi. Na kama alikuwa mnyang'anyi, haiwezekani awe alitawala kwa uadilifu. Hivyo ndivyo hadithi ilivyoanza kunona. John wa Fordun, kasisi wa karne ya 14, ana Macduff. Andrew wa Wyntoun, aliyeandika mwanzo wa karne ya 15, ana wanawake watatu ambao Macbeth aliwaota ndotoni. Hector Boece, aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1527, ana Banquo na mwanawe Fleance, watu wawili ambao kabla yake hawakuwahi kuishi, naye akawafanya kuwa mababu wa nyumba ya Stuart, iliyokuwa ikitawala Uskoti siku zake. Usuli wa kweli wa Stuart ni mawakili wa nyumba waliotoka Brittany katika Ufaransa, na nadhani ni dhahiri kwa nini mwandishi mwenye adabu aliona babu aliyetabiriwa na wachawi ana jaha zaidi ya babu aliyesimamia chakula cha bwana wake.

Kitabu cha Boece kilimfikia Raphael Holinshed, Mwingereza, na cha Holinshed, kwa chapa ya mwaka wa 1587, kilimfikia Shakespeare. Fundi yule hakuchukua nguo alivyoikuta. Katika Holinshed, Macbeth anatawala kwa haki miaka kumi kabla ya kuharibika. Shakespeare akaifuta miaka hiyo. Katika Holinshed, Banquo anashirikiana na Macbeth katika kumwua Duncan. Shakespeare akamtakasa Banquo. Na kisa cha mfalme kuuawa usingizini ndani ya nyumba ya mwenyeji, kwa uchochezi wa mke wa mwenyeji, na walinzi kuleweshwa, si cha Duncan hata kidogo. Ni cha mfalme mwingine, Duff, aliyesimuliwa kuuawa na Donwald katika ngome ya Forres miaka mingi kabla. Shakespeare alikitoa kurasa za nyuma akakishona hapa, na mshono hauonekani.

Sababu ya kumtakasa Banquo ilikuwa imekaa kitini. Mwaka wa 1603 James wa Sita wa Uskoti, mtu wa nyumba ya Stuart, alikuwa mfalme wa Uingereza pia, na katika miezi yake ya kwanza aliwachukua wachezaji wa kundi la Shakespeare kuwa watumishi wake. James aliyajua mauaji tangu utotoni: baba yake, Darnley, aliuawa mwaka wa 1567, naye James hajatimiza mwaka mmoja, na mama yake alikatwa kichwa kwa amri ya Malkia Elizabeth mwaka wa 1587. Aliwahofu wachawi hata akawahoji mwenyewe watu walioshitakiwa kwa uchawi mwaka wa 1590 na 1591, kisha akatunga kitabu juu yao kilichochapishwa mwaka wa 1597. Na tarehe 5 Novemba 1605 iligunduliwa baruti, mapipa 36, chini ya jumba ambamo angehutubia Bunge. Kasisi Henry Garnet alinyongwa mwezi wa Mei mwaka wa 1606 kwa kuwa aliijua njama hiyo, na katika kesi yake watu wa London walijifunza neno la usemi wa ndimi mbili, ambalo bawabu mlevi wa tamthilia analifanyia mzaha, akidhani yeye ni bawabu wa jahanamu. Watu waliosikiliza tanzia ya mfalme aliyeuawa usiku walikuwa hawajapoa kwa hofu ya mfalme aliyekaribia kuuawa mchana. Mzimu wa Banquo ulipokuja na msafara wa wafalme watokao katika uzao wake, James, kama alikuwamo miongoni mwa watazamaji, alikuwa akitazama nasaba yake ikipita jukwaani. Nasaba ya uongo, iliyotengenezwa na Boece, lakini ikipita kwa adhama kamili.

Hapa nitamwomba msomaji ruhusa ya kugeuka kidogo kuelekea bahari yetu. Mwaka wa 1806, katika Oman, kijana wa umri upatao miaka 15 alimwua binamu yake Badr bin Seif, aliyekuwa ameshika hatamu za dola baada ya kifo cha baba wa kijana huyo. Na inasimuliwa kwamba aliyemtia moyo alikuwa shangazi yake, Bibi Moza binti Imam Ahmad, mwanamke mwenye akili na azma. Kijana yule ni Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala miaka 50, akaifanya Unguja makao yake na karafuu kuwa mali yake, na ambaye sisi tunamkumbuka kwa mikataba, majahazi na mashamba. Mambo yote ya Macbeth yamo humo: jamaa aliye kitini, jambia, na mwanamke wa nasaba anayesema, sasa hivi. Lililokosekana ni nyumba ya adui iliyoshinda baadaye ikaajiri waandishi. Wanawe Said na wajukuu wake ndio waliotawala, na hapakutokea mtu wa kwao aliyekuwa na haja ya kuyachora mauaji yale ya mwaka wa 1806 kwa rangi nyeusi. Hata hivyo, mwaka wa 1968 S. S. Mushi alipoifasiri tamthilia ya Macbeth kwa Kiswahili, wako wasomaji walioiona kuwa habari za watu wa baridi na ukungu, walio mbali nasi.

Nimerudi mara nyingi kwa Andrew wa Wyntoun, yule aliyeandika ndoto ya wanawake watatu, na ambaye pia alitia kitabuni kwamba baba wa Macbeth alikuwa shetani. Wyntoun alikuwa mkuu wa monasteri ndogo iliyokuwa kisiwani katika ziwa la Loch Leven. Kuandika kwake hakukuwa kwa chuki tupu, kwani humo humo anakiri kwamba siku za Macbeth nchi ilikuwa na neema na chakula tele. Na sababu yake ya kukiri ilikuwa karibu sana naye. Miaka mia tatu na zaidi kabla yake, watawa wa kisiwa kile walipewa shamba la Kirkness liwe wakfu wao, na hati ya wakfu huo ikahifadhiwa, ikanakiliwa, ikadumu. Tamthilia ya Shakespeare haimpi mke wa Macbeth jina lolote. Tangu mwanzo hadi mwisho ni mke wa fulani, na hujiua nyuma ya pazia. Hati ya Loch Leven inawataja watoaji wawili, kila mmoja na baba yake, kama zifanyavyo hati zetu: Macbeth bin Findláech na Gruoch binti Boite, mfalme na malkia wa Waskoti.